Maradhi Yanayowapokonya Wazee Msahafu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyemuumba mwanadamu akamjaalia masikio na macho na moyo, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Nilipokuwa mtoto wa chuoni, mwalimu wetu alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, aliyekwisha acha kufungua msahafu. Alikuwa akikaa juu ya mkeka wake, sisi tukisoma naye akisikiliza, na mtoto akikosea irabu moja tu humrudisha pale pale, kwani Qur'ani yote ilikuwa kifuani mwake. Watu wakisema mwalimu kapofuka. Lakini sisi watoto tulikuwa na ushahidi wetu. Mwalimu alikuwa akiingia mlangoni akikiruka kizingiti bila ya kupapasa. Kuku akipita ubavuni mwake humfukuza kwa bakora, na wala bakora haikosei. Mtoto akinyatia pembeni ili atoroke, mwalimu humwona akamwita arudi. Na hali hiyo hiyo, mtoto akisimama mbele yake uso kwa uso, mwalimu hamjui ni nani mpaka aseme. Basi tukakata shauri, kwa akili zetu za utoto, kuwa mwalimu anajitia upofu. Wala haya hatukuwa tukiyasema sisi peke yetu. Nilimsikia mtu mzima barazani akisema kuwa mzee yule huona anachotaka kukiona.

Ukweli ulikuwa kinyume cha hayo. Alikuwa akiona yote asiyoyatazama, na kila alichokitazama ndicho kilichomfutikia. Miaka mingi baadaye nimeyaeleza mambo yale kwa matabibu wa macho, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja amenitajia maradhi yale yale. Nimeona niyaandike niliyoyakusanya juu ya maradhi hayo na taarikh yake, kwani wazee wetu wangali wanayaugua, na sisi tungali tunawadhania dhana mbaya.

Nyuma kabisa ya jicho, kwa ndani, pana utando mwembamba unaopokea nuru. Mabingwa wa Kiarabu wa zamani waliuita shabakiya, kutokana na neno shabaka, yaani wavu, na wafasiri wa Kilatini wakaligeuza neno hilo likawa retina, kwa maana ile ile ya wavu. Katikati ya wavu huo pana doa la manjano lenye upana wa milimita 5 hivi, liitwalo makula, na katikati ya doa pana kibonyeo kidogo zaidi. Hapo ndipo tunaposomea, hapo ndipo tunapotungia uzi sindanoni, hapo ndipo tunapomtambulia mtu kwa uso wake. Ukitaka kujua udogo wa mahali hapo, nyoosha mkono mbele yako utazame ukucha wa kidole gumba. Kiasi cha ukucha ule, au mfano wa kucha mbili, ndicho unachokiona wazi kwa wakati mmoja. Vilivyobaki vyote unaviona kwa ukungu, walakini hujui, kwa sababu jicho halitulii. Linakwenda mbio huku na huku likikukusanyia.

Mtu akifika miaka hamsini, sitini, na kuendelea, huenda chini ya doa hilo pakajikusanya chembe za manjano kama taka zilizokosa kufagiwa. Kwa wengine taka hizo hukaa tu zisiwadhuru sana. Kwa wengine nyama ya pale hufa polepole kwa miaka, na haya huitwa maradhi makavu, nayo ndiyo ya wagonjwa walio wengi. Na kwa wachache mishipa mipya dhaifu ya damu huota chini ya wavu, ikavuja maji na damu, na haya huitwa ya majimaji. Haya huja kwa haraka. Katika wiki chache mtu huona mistari iliyonyooka imepinda, mlango una tumbo, safu za msahafu zinapanda na kushuka, kisha pakaingia doa la giza katikati ya kila anachokitazama. Pembeni hubaki salama. Maradhi haya peke yake hayamtii mtu kiza kamili. Humwachia njia ya kupita, akamnyima uso wa mwanawe.

Watu wetu huyachanganya na mtoto wa jicho, na hapo huwa msiba juu ya msiba. Mtoto wa jicho ni kioo cha mbele ya jicho kilichoingia ukungu. Mtu hungoja "kiive", akapasuliwa, akaona. Huyu wa makula naye huambiwa angoje kiive, akangoja, na wakati anangoja ndio wakati ule aliopewa.

Sasa tuirejee taarikh. Katika Baghdad ya karne ya 9, Hunayn bin Is-haq, aliyefariki mwaka 260 wa Hijra (873), alikusanya maneno ya Galen na Wayunani wengine akatunga Makala Kumi juu ya Jicho. Alikuwa Mkristo wa Hira, na makhalifa wa Kiislamu walimpa kazi na heshima, jambo ambalo vijana wetu wa leo wenye midomo mikali wangelisoma mara mbili. Baada yake, mwanzo wa karne ya 11, Ali bin Isa al-Kahhal wa Baghdad akaandika Tadhkirat al-Kahhalin, kitabu kilichotaja maradhi ya macho 130 hivi, na kikasomwa na matabibu kwa mamia ya miaka. Kitabu hicho amekigawa sehemu tatu. Ya kwanza inaeleza umbo la jicho, ya pili maradhi yanayoonekana, na ya tatu maradhi yaliyofichika yasiyofikiwa na hisi. Nilipofahamu mgawanyo huo nilimkumbuka mwalimu wangu. Macho yake kwa nje yalikuwa meupe na meusi safi kama ya kijana, na hilo pia lilikuwa hoja ya wale waliomdhania uwongo. Ali bin Isa angelimtazama asingeliona kitu, lakini asingelimwita mwongo, kwani alikwisha wawekea watu wa namna hiyo sehemu nzima ya kitabu.

Katika zama hizo hizo, Misri, alikuwako Ammar bin Ali al-Mawsili aliyemtoa mtoto wa jicho kwa kumfyonza kwa sindano yenye tundu. Na Misri hiyo hiyo alikuwako aliye mkubwa wao katika ilimu ya kuona, Abu Ali al-Hasan bin al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 354 wa Hijra (965) na kufariki Kairo yapata mwaka 1040. Kitabu chake, Kitab al-Manazir, ndicho kilichoivunja kauli ya waliosema kuwa jicho hutoa miale ikaenda kuvigusa vitu. Yeye alibainisha kuwa nuru ndiyo inayotoka kwenye vitu ikaingia jichoni. Hilo linajulikana na wengi. Lisilojulikana na wengi ni kwamba Ibn al-Haytham aliona pia kuwa jicho haliyaoni yote sawasawa. Amesema kuwa kilicho kwenye mstari wa katikati ya jicho ndicho kinachobainika, na kila kinachokwenda mbali na mstari huo hupungua uwazi, na kwa ajili hiyo mtazamaji huupitisha mstari ule juu ya kila sehemu ya kitu mpaka akijue chote. Hii ndiyo khabari ya ukucha wa kidole gumba niliyoitaja juu, nayo ilisemwa Kairo miaka elfu iliyopita na mtu ambaye hakuwa na njia ya kuuona ule wavu ndani ya jicho lililo hai. Alikosea alipodhani kuwa kioo cha jicho ndicho kinachohisi, na mwanachuoni kukosea si aibu. Kitabu chake kilitiwa katika Kilatini, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572. Na mwaka 1604 Johannes Kepler, aliyejengea juu ya kazi hiyo, akaeleza kuwa sura ya kitu huangukia kwenye retina.

Doa lenyewe lilikuwa halijaonekana. Mwaka 1782 Francesco Buzzi wa Milano aliliona katika macho ya maiti, na mwaka 1791 Samuel Thomas Soemmerring, Mjerumani, akaliona naye akadhani pana tundu pale katikati. Lakini maiti hasemi anaona nini. Ilikuwa lazima mtu atazame ndani ya jicho la aliye hai, na hapa palikuwa na kizuizi cha ajabu. Ile mboni tunaiona nyeusi, watu wakadhani ndani kuna kiza. Hermann von Helmholtz, mwalimu wa chuo kikuu cha Königsberg, alifahamu kuwa ni nyeusi kwa sababu nuru inayoingia hurudi kwa njia ile ile iliyoingilia, na atakayeweka jicho lake katika njia hiyo atakuwa ameiziba taa kwa kichwa chake mwenyewe. Basi akatumia vipande vya kioo vya kuitupa nuru ndani ya jicho, naye akichungulia kupitia vioo vile vile. Ilikuwa mwisho wa mwaka 1850, na mwaka 1851 akakitangaza chombo chake kwa kitabu. Yale maradhi yaliyofichika ya Ali bin Isa yakaanza kuonekana.

Mwaka 1874 matabibu wawili wa London, Jonathan Hutchinson na Warren Tay, wakaandika juu ya wazee wenye madoa katikati ya retina katika macho yote mawili, na mwaka 1885 Otto Haab wa Zürich akayaeleza maradhi ya makula yawajiayo wazee. Tangu hapo yakawa na jina katika vitabu. Dawa haikuwapo. Takriban miaka mia moja tabibu aliweza kumtazama mgonjwa machoni, akamwambia kilichomharibikia, kisha akamrudisha nyumbani.

Nimefika mahali ambapo ningalipenda kupapita upesi, lakini sitapapita. Siku moja baada ya sala ya alasiri nilibaki na mwalimu peke yetu, namsomea kitabu. Akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Mwanangu, unawaona watu hawa ukutani?"

Nikasema, "Siwaoni, Mwalimu. Hapana mtu."

Akasema, "Najua hapana mtu." Akanieleza kuwa ni muda sasa huwaona watu wafupi waliovaa nguo za rangi nzuri, wakipita wasiseme neno, na mara nyingine huona ukuta umejaa nakshi kama za milango ya zamani. Hawamtishi, wala hawamsemeshi. Akanikanya nisimwambie mtu.

Nikamwambia mama yangu. Naye, kwa huruma si kwa ubaya, akamwambia shoga yake. Haikupita wiki ila mji mzima ulijua kuwa mwalimu ana jamaa zake wasioonekana. Watu wa nyumbani kwake wakamletea mtu wa kupunga, wakamfukiza siku tatu mzee wa watu, aliyekuwa amefundisha Tawhidi maisha yake yote. Wazazi wengine wakawatoa watoto wao chuoni. Mwalimu hakunilaumu hata kwa neno moja, na nilipokwenda kumbusu mkono aliuacha mkono wake. Lakini mpaka alipofariki hakunieleza tena jambo lolote la nafsi yake.

Khabari yake ilikuwa imekwisha andikwa miaka mia mbili kabla. Mwaka 1760 Charles Bonnet, mwanachuoni wa Geneva, aliandika juu ya babu yake, Charles Lullin, mzee aliyekaribia miaka 90 aliyekuwa ameharibikiwa na macho. Mzee huyo, mwenye akili timamu, akiona wanaume na wanawake, ndege, magari ya farasi na majumba, na akijua kuwa hayapo. Baadaye tabibu wa mji huo huo, Georges de Morsier, akaiita hali hiyo kwa jina la Bonnet. Sababu yake, kama wanavyoeleza matabibu, ni kwamba sehemu ya ubongo inayopokea habari za macho ikikoseshwa chakula chake hujipikia yenyewe. Huwapata si wachache katika wenye maradhi ya makula, na wengi wao huficha wasije wakaambiwa wamerukwa na akili. Huku kwetu wanaficha wasije wakaletewa mganga.

Sitaki mtu anifahamu vibaya. Muislamu anaamini kuwa majini wapo, kwani Qur'ani imewataja na sura nzima imeitwa kwa jina lao. Lakini kuamini kuwa wapo si kuamini kuwa kila anachokiona mzee mwenye macho mabovu ni wao. Mtu mwenye homa huona vitu, na hatumpungi, tunampa dawa. Na hata lau mwalimu angelikuwa ana shetani, ni nani alituhalalishia kuitoa siri yake?

Tena sisi ndio tusiokuwa na udhuru, maana tulirithi adabu ya jambo hili kabla ya kurithi kitu kingine. Itban bin Malik (R.A.), katika Ansari, alikuwa akiwasalisha watu wake. Macho yake yakadhoofika, na mvua ikinyesha bonde lililo baina yake na watu wake hujaa maji asiweze kuvuka. Akamwendea Mtume (S.A.W.) akamweleza, akamwomba aje asali nyumbani kwake ili mahali hapo apafanye msala wake. Mtume hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe pamoja na Abubakar, na alipoingia hakukaa mpaka alipomuuliza Itban ni mahali gani apendapo pasaliwe. Imam Bukhari ameipokea. Aliyeulizwa achague ni yule mwenye macho dhaifu, nyumbani mwake, na aliyeuliza ni Mtume wa Mwenyezi Mungu.

Kaab bin Malik (R.A.) alipofuka uzeeni, na mmoja katika wanawe, Abdallah, ndiye aliyekuwa akimshika mkono. Ile hadithi ndefu ya kubaki nyuma katika vita vya Tabuk, na siku hamsini alizosuswa, na toba yake ilivyoteremka, imetufikia kwa njia ya mtoto huyo. Kumwongoza baba njiani ndiko kulikompa ilimu ambayo Umma wote unaisoma. Na Jabir bin Abdillah (R.A.) alipokuwa mzee kipofu, wageni waliingia kwake, akauliza mmoja mmoja ni nani mpaka akamfikia Muhammad bin Ali bin Husein, kijana wakati huo. Akamwekea mkono kichwani, akamfungua vifungo vya nguo, akaweka kiganja kifuani pake, akamkaribisha na kumruhusu aulize atakalo. Kijana akauliza juu ya Hija ya Mtume. Hadithi iliyotoka hapo, aliyoipokea Imam Muslim, ndiyo nguzo ya mafunzo yetu ya Hija mpaka leo. Angalia ule utaratibu: mzee hakuona haya kuuliza ninyi ni nani, na wageni hawakuona kuwa ni upungufu kumjibu.

Sisemi kuwa mmoja wao alikuwa na maradhi haya ya makula. Hilo halijulikani, na kuwapachika masahaba majina ya maradhi ya leo ni ujinga uliovaa joho la ilimu. Ibn Abbas (R.A.) yeye yametajwa, kuwa maji yalishuka katika macho yake, na ndivyo walivyokuwa wakimwita mtoto wa jicho. Akaambiwa atatibiwa kwa sharti alale chali siku kadhaa, asali hali amelala, naye akakataa kwa kuihofia sala yake. Nimewasikia watu wakiifanya khabari hii hoja ya kuacha matibabu. Hiyo ilikuwa ijtihadi yake yeye. Imam Nawawi amelizungumza suala lenyewe, na kauli sahihi zaidi katika madhehebu yetu ya Shafi ni kuwa mgonjwa wa macho akiambiwa na tabibu mwaminifu kuwa akisali amelala atatibika, inajuzu asali amelala. Kwa hiyo tusimfanye Ibn Abbas kuwa kisingizio cha uvivu wetu wa kwenda hospitali.

Umma huu uliwaandikia vipofu wake hata kamusi. Khalil bin Aybak as-Safadi, aliyefariki Damasko mwaka 764 wa Hijra (1363), alitunga Nakt al-Himyan, kitabu kizima cha maisha ya vipofu mashuhuri, wanavyuoni, washairi na watawala, na mwanzo wake akakusanya mambo ya lugha na fiqhi yanayowahusu. Humo kuna khabari ya Zaynuddin al-Amidi, mwanachuoni wa Kihambali wa Baghdad, kipofu aliyekuwa akiuza vitabu. Akinunua kitabu husokota karatasi nyembamba akaifanya umbo la herufi, kwa hesabu ya abjadi, kiasi cha bei aliyonunulia, akaibandika ndani ya jalada na kuifunika kwa karatasi nyingine. Akitaka kujua bei yake hupitisha kidole. Alikuwa akifanya hivyo miaka mia tano kabla ya Louis Braille kuzaliwa Ufaransa. Mwenye duka la vitabu asiyeona! Na sisi tulimtolea watoto chuoni mtu aliyehifadhi juzuu thelathini.

Turudi kwenye dawa, kwani mlango uliokuwa umefungwa umefunguka kidogo. Mwaka 1961 wanafunzi wawili wa udaktari wa Indiana, Marekani, Harold Novotny na David Alvis, walitia rangi inayong'aa katika mshipa wa mkono wakaipiga picha ikipita katika mishipa ya retina. Jarida la kwanza la macho walilolipelekea makala yao liliwakatalia. Kwa njia hiyo ile mishipa mipya inayovuja ikaonekana wazi. Matabibu wakajaribu kuiunguza kwa miale ya leza, lakini leza iliunguza na jicho pia. Mwaka 1971 Judah Folkman, mpasuaji wa Boston, alitoa rai kuwa uvimbe wa saratani haukui mpaka ujiotee mishipa ya damu, na kwamba ikizuiwa mishipa hiyo uvimbe utadumaa. Wengi hawakumkubali. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake wakakipata kitu hasa kinachoiamrisha mishipa kuota, na ikatengenezwa dawa ya kukizuia, iitwayo Avastin, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo.

Mishipa inayoota katika uvimbe na mishipa inayoota chini ya makula inatii amri moja. Mwaka 2005 Philip Rosenfeld wa Miami akaitia Avastin kidogo ndani ya jicho, na mwaka 2006 ikaruhusiwa ndugu yake, Lucentis, iliyotengenezwa kwa ajili ya macho. Katika majaribio ya Lucentis, kwa kila wagonjwa 100 wa maradhi ya majimaji, kama 95 macho yao hayakuporomoka katika mwaka mmoja, na baina ya robo na thuluthi waliongezeka kuona kwa kiasi kikubwa. Lucentis ilikuwa karibu dola 2,000 kwa sindano moja, Avastin yapata dola 50, na jaribio kubwa lililotangazwa Marekani mwaka 2011 likaonyesha kuwa nguvu zake kwa jicho ni sawa. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaitia Avastin, kwa jina lake la kitabibu bevasizumabu, katika orodha ya dawa za lazima kwa ajili ya macho. Hupigwa kwenye weupe wa jicho lililotiwa ganzi, mwanzoni kila mwezi. Kwa walioniuliza juu ya saumu: sindano hii si chakula, na jicho katika madhehebu yetu halihesabiwi kuwa tundu lililo wazi, ndiyo maana wanja haufunguzi. Mwenye wasiwasi aombe apangiwe usiku au baada ya Idi, lakini asiikose.

Kwa maradhi makavu hali si hiyo. Mwaka 2023 zilipitishwa Marekani dawa mbili za kupunguza mwendo wake, wala hazirudishi kilichopotea. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2001 ulionyesha kuwa vidonge maalumu vyenye vitamini C na E na madini ya zinki hupunguza kwa kama robo hatari ya maradhi kupanda daraja, kwa wale waliokwisha fika hatua ya kati; mwenye macho mazima havimfai kitu. Mwaka 2013 kikaondolewa kimoja katika vilivyokuwamo, betakarotini, kwa kuwa huwazidishia wavutaji sigara saratani ya mapafu. Na sigara yenyewe ndiyo katika sababu kubwa za maradhi haya ambazo mtu anaweza kuziacha. Uzee hauachiki, nasaba haiachiki, sigara inaachika. Maimamu wanaovuta nyuma ya msikiti wanajijua.

Ilikisiwa kuwa mwaka 2020 duniani walikuwako watu wapatao milioni 196 wenye maradhi haya kwa daraja zake zote. Wazungu huwapata zaidi kwa daraja lake kali kuliko watu weusi, na hili limewafanya baadhi yetu kuyaona ni maradhi ya ng'ambo. Mwalimu wangu hakuwahi kuvuka bahari ila kwenda Hija.

Katika miaka ya 1940 Marc Amsler, tabibu wa Uswisi, alitengeneza karatasi yenye miraba midogo na nukta katikati, ya kumpimia mtu kama mistari inapinda. Asiyekuwa na karatasi hiyo atazame kitu chochote chenye mistari iliyonyooka, kwa jicho moja moja, na miwani yake ya kusomea akiwa ameivaa. Jicho moja moja ndilo la muhimu, kwa sababu jicho zima humfichia mgonjwa mwenzake hata miezi. Ikiwa mstari umepinda, au pana shimo katikati, basi ni wiki hiyo hiyo kwenda kwa tabibu wa macho, si kwa muuza miwani wala kwa muuza matone ya sokoni.

Mimi nami nimeingia katika umri huo. Kila Ijumaa kabla ya kuoga hukaa mbele ya dirisha la chumbani, nikaliziba jicho la kulia kwa kiganja nikazitazama nondo, kisha nikaliziba la kushoto. Mpaka Ijumaa iliyopita zilikuwa zimenyooka, alhamdulillahi. Na chuoni kwangu kila mtoto anayeingia hutaja jina lake na la baba yake, ingawa bado ninaziona nyuso zao.